Ukimtafuta babu aliyeadhibiwa na Mdachi, anza na boma

Mwisho wa Februari ukikaribia, watu wa koo za hapa Songea hurudi nyumbani kwa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, vita vya kumpinga Mdachi, yaani Mjerumani. Husimama mbele ya mnara pale makumbusho, mtaa wa Mahenge hapa mjini, wakapitisha kidole kwenye majina ya walionyongwa, na wapo wanaofika jina la mwisho bila kumwona wa kwao. Baadhi yao huelekezwa kwangu. Nilikuwa karani wa masijala serikalini mpaka nilipostaafu, na baba wa babu yangu nilimfuatilia kwenye makaratasi mpaka nikampata, ingawa hakuwa vile walivyomsimulia nyumbani. Njia hii nimeieleza kwa mdomo mara nyingi, sasa naiandika.

Jambo la kwanza: jina liweke kando kwa muda. Babu yako aliyeadhibiwa hakuandika kitu. Aliyeandika ni yule aliyemwadhibu, naye aliandika kwa mpangilio wa kazi yake: boma gani (yaani kituo cha utawala), afisa gani, tarehe, idadi ya watu. Majina yalikuja mwisho, kama yalikuja. Kwa hiyo mtafute kwanza Mdachi wa babu yako, ndipo umtafute babu.

Vita vilianzia Umatumbi, Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kufika Septemba moto ulikuwa umeshaingia kwetu Ungoni. Kila eneo lilikuwa na boma lake, na boma ndilo linaloamua karatasi zako ziko wapi. Wamatumbi na Wangindo watazame Kilwa, Mohoro na Liwale. Mohoro ndiko alikonyongwa Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Wamwera wafuate Lindi, na Wapogoro na Wambunga wafuate Mahenge. Wabena watazame Iringa, na wasiache kumbukumbu za misheni ya Yakobi iliyoshambuliwa Septemba 1905. Wazaramo wana Dar es Salaam na Maneromango. Ramani ya wilaya za leo iache kabatini. Namtumbo na Mbinga unazozijua wewe hazikuwapo kama wilaya. Afisa wa Songea aliwaandika watu wa huko kama watu wake.

Kwa Wangoni kuna hatua moja zaidi, na wengi huiruka. Ungoni ulikuwa na nkosi wawili, yaani wakuu wa juu: Mputa Gama wa Njelu, upande wa kusini, na Chabruma wa Mshope, kaskazini. Uliza ukoo wenu ulikuwa chini ya nani. Mputa alikamatwa na kunyongwa Songea. Chabruma alipambana kwa muda mrefu, kisha akavuka Ruvuma kuingia upande wa Mreno, na hakurudi. Babu wa Mshope ambaye "alipotea vitani" huenda alivuka mto na mkuu wake, na mara nyingine watoto wake walirudi baadaye wakiwa na jina jingine. Utamtafuta bure kwenye orodha ya kitanzi mtu ambaye ana wajukuu Msumbiji.

Halafu kuna suala la wasutu, yaani watu waliotekwa au kutawaliwa na Wangoni na kuingizwa kwenye koo za mabwana zao. Babu yako anaweza kuwa alizaliwa Mndendeule au Mpangwa, akaitwa kwa jina la ukoo wa bwana wake, na watoto wakaendelea nalo. Wapo wanaokasirika nikiwauliza hili. Siwaulizi ili kuwashusha. Ni kwamba orodha moja inaweza kumwita kwa ukoo wa kwanza na nyingine kwa ukoo wa pili, na usipojua yote mawili utadhani ni watu wawili.

Sasa adhabu zenyewe. Kila ukoo uliofika kwangu ulikuja na kitanzi. Nakielewa kitanzi: kina heshima, na kina mnara. Lakini majina ya mnara wa Songea ni 67 tu, na wengi wao ni wakuu: Nkosi Mputa, manduna (wakuu walio chini ya nkosi), na Mkomanile wa Kitanda, mwanamke pekee kati yao. Kundi kubwa lilinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Mtu wa kawaida aliyebeba mkuki mara nyingi alipata adhabu nyingine: mnyororo wa shingoni na kazi ya kujenga barabara na maboma, viboko vile vya hamsa ishirini, au faini ambayo asiyeweza kuilipa aliilipa kwa jasho. Na wengi zaidi waliadhibiwa bila kesi yoyote. Gavana von Götzen na maafisa wake walichoma vijiji, mashamba na maghala kwa makusudi ili njaa iwamalize waliobaki. Wajerumani wenyewe walitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio ya 250,000 hadi 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa na maradhi. Babu aliyekufa kwa njaa porini mwaka 1907 aliadhibiwa kwa vita vile vile, tena bila mtu kuandika tarehe.

Kwa hiyo kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam, andika kwenye karatasi adhabu zote ambazo simulizi yenu inaweza kuzibeba, hata zile ambazo ukoo hauzipendi.

Nyumbani ndiko kazi kubwa iliko, na hapa usiwe na haraka. Kwanza panga vizazi. Mtu aliyekuwa na nguvu za kupigana mwaka 1905 alizaliwa kati ya 1865 na 1887 hivi. Kama babu unayemtaja ana mtoto aliyezaliwa 1930, hesabu tena. Huenda unamzungumzia mwanawe. Pili, hakikisha ni vita vile. Familia nyingi zimechanganya Majimaji na vita vya 1914 mpaka 1918, na siwalaumu, maana vyote viwili ni vya enzi ya Mdachi na vyote vilileta njaa. Mzee akisema babu "alichukuliwa na Mdachi na hakurudi", muulize: alichukuliwa akiwa amefungwa, au alibebeshwa mzigo? Je, Mwingereza alikuwa ameshatajwa? Walikunywa maji ya dawa kabla? Mwingereza aliingia Songea mwaka 1916, kwa hiyo akiwamo kwenye hadithi, babu yako huenda alikuwa mpagazi wa vita vile vya 1914, na karatasi zake ziko kwingine kabisa.

Swali la "babu aliitwa nani?" halinipi mengi. Swali linalonipa mengi ni hili: "Bibi alirithiwa na nani?" Mume akifa, mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, na ndoa hiyo ya pili wazee wanaikumbuka vizuri kuliko kifo chenyewe, kwa sababu watoto wake ndio mashangazi na wajomba wanaowajua. Ukimpata mrithi, umepata ndugu wa babu yako kwa jina, na mara nyingi mwaka wa karibu. Kisha uliza ni mtoto gani alipewa jina la marehemu, na alizaliwa kabla au baada ya njaa. Kwa maswali haya shangazi mmoja hukupa zaidi ya wanaume kumi wa ukoo. Wanaume wana hotuba. Kaa jikoni kwa shangazi, msaidie hata kupukuchua mahindi, na umwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi.

Baada ya nyumbani, nenda kanisani, hata kama ukoo wako ni wa Kiislamu. Huenda tawi moja lilibatizwa. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898, misheni ikachomwa mwaka 1905, ikajengwa upya. Padre wa misheni aliruhusiwa kuwaona waliohukumiwa kifo, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kunyongwa. Ila kwa watu wengi faida haiko huko. Iko kwenye vitabu vya ubatizo na ndoa vya miaka iliyofuata, mwana wa aliyeadhibiwa alipobatizwa akiwa kijana na padre akaandika jina la baba. Vitabu ni vya Kilatini, lakini safu zake chache unazijifunza kwa nusu saa. Tafuta neno pater, yaani baba, na jina linalofuata, na uangalie kama pembeni pana msalaba mdogo au neno defunctus. Likiwapo, baba alikuwa ameshakufa siku ile.

Hapa ndipo baba wa babu yangu alipofufuka. Nyumbani kwetu alinyongwa. Tuliimba hivyo tangu utoto. Kitabu cha ubatizo cha babu, kilichoandikwa miaka kadhaa baada ya vita, kina jina la baba yake bila msalaba na bila defunctus, na kwenye kitabu cha ndoa yumo tena, akiwa hai, amekuja kushuhudia. Nilirudi kwa shangazi na nakala. Alinyamaza kidogo, kisha akasema aliwahi kusikia kwamba yule mzee hakutaka mtu amguse shingoni, hata mtoto akipakatwa. Mnyororo, basi. Kaka zangu hawakufurahi, na mmoja wao mpaka leo anasema padre alikosea. Mimi naona mtu aliyebeba mnyororo wa Mdachi akarudi kulima na kuzaa hana upungufu wowote mbele ya mnara.

Mwombe paroko kwa barua, eleza ukoo na miaka unayotaka, na usishike kitabu kwa mikono yenye mafuta. Kitabu kisichopatikana parokiani uliza kama kilihamishiwa Peramiho au jimboni. Kumbukumbu nyingine za Wabenediktini ziko makao yao ya St. Ottilien, Bavaria, wanakojibu barua pepe zilizoandikwa vizuri. Kwa Masasi, misheni ilikuwa ya Waanglikana wa UMCA, na karatasi zao kubwa ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Halafu Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Beba barua ya utambulisho na kitambulisho. Ndugu mwenye uraia wa nje ajue atahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukishaingia, taja majalada yenye herufi G: hayo ni ya serikali ya Kijerumani. Usiombe "faili la babu yangu". Omba orodha, tafuta boma lako na miaka ya 1905 hadi 1908, kisha omba jalada kwa namba. Ukipata ukurasa wa maana andika namba ya jalada na namba ya folio (karatasi ndani ya jalada), zote mbili, papo hapo. Nimewaona watu wazima na shahada zao wakirudi miezi baadaye kutafuta ukurasa ule ule kwa kukumbuka rangi ya jalada.

Usiache karatasi za Mwingereza kwa sababu babu yako aliadhibiwa na Mdachi. Miaka ya 1920, Mwingereza alipotaka kutawala kupitia machifu, maafisa wake walikaa na wazee wakaandika nani alizaliwa na nani na nani alirithi nini. Hayo yamo kwenye vitabu vya wilaya, na cha Songea kipo. Wazee waliohojiwa walikuwa vijana wakati wa Majimaji. Soma kwa tahadhari: kila aliyehojiwa alikuwa na cheo alichokitaka, na ukoo ulioshindwa kwenye urithi unaweza kuwa umeachwa nje kabisa.

Ukiwa Dar es Salaam panda pia Mlimani, Chuo Kikuu. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo, wakiwamo Gilbert Gwassa na John Iliffe, iliwatuma wanafunzi vijijini kote kulikopiganwa kuhoji wazee waliokuwa bado hai. Maandishi hayo yamo maktaba ya chuo, sehemu ya East Africana. Kwa maoni yangu hakuna kitu cha thamani zaidi kwa mtu asiyetoka kwenye ukoo wa kichifu, kwa sababu pale wakulima wanataja wakulima wenzao kwa majina. Tafuta kwa kijiji, si kwa ukoo.

Sasa Ujerumani, ambako vijana hupenda kuanzia kwa kuwa kunafikika kwa simu. Karatasi za ofisi ya makoloni ya Berlin ziko Bundesarchiv, nyaraka za taifa la Ujerumani, kundi linaloitwa R 1001, na zimepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao wao wa invenio, bure. Tatizo ni kwamba Mdachi aliandika majina yetu kwa sikio lake. Songea ni Ssongea. Chabruma ni Schabruma. Mohoro ni Mohorro. Y yetu kwake mara nyingi ni j, ndiyo maana Yakobi ni Jakobi. Ch inaweza kuwa tsch au sch, na j inaweza kuwa dj au dsch. Nkosi wetu kwake alikuwa "Sultan". Andika jina la babu yako kwa kila namna inayowezekana kabla hujasema hayupo. Maneno ya kutafutia ni Aufstand kwa uasi, Hinrichtung kwa kutekeleza hukumu ya kifo, Kettenhaft kwa kifungo cha mnyororo, Rädelsführer kwa anayeitwa kiongozi wa fujo. Tafuta pia Schauri. Neno letu walilichukua kwa ajili ya kesi zao za bomani.

Ukurasa wa mashine ya taipu utausoma kwa msaada wa kijana yeyote aliyesoma Kijerumani au programu ya kutafsiri. Ule wa mkono ni habari nyingine, kwa kuwa mwandiko wa Kurrent hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Kuna programu inayoitwa Transkribus inayojaribu. Inakosea sana kwenye majina ya watu, yaani pale pale unapoihitaji, kwa hiyo majina yatazame kwa macho yako herufi kwa herufi.

Magazeti nayo yana kitu. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilikuwa la walowezi wa Dar es Salaam, na nakala zake zinasomeka kwenye mtandao wa maktaba ya taifa ya Berlin, Staatsbibliothek. Lugha yake juu ya watu wetu inachefua, jiandae. Lakini hutaja tarehe na mahali, na tarehe ndiyo inayokupeleka kwenye jalada.

Kuna siku utakuta usichokitaka. Wanaotafuta aliyenyongwa hukuta rugaruga, yaani mtu wa kwao aliyepigana upande wa Mdachi, au jumbe aliyetoa majina. Katika koo za huku watu wa aina hizo mbili walioana baada ya vita, na wajukuu wao ni sisi. Ushauri wangu ni wa kikarani: andika ulichokiona, na namba yake ya folio, usikisafishe. Lakini usikisome hadharani kwenye msiba. Mwite kwanza mkubwa wa tawi linalohusika, mwonyeshe yeye, na umwachie nafasi ya kuwaambia wanawe.

Mabaki ya miili ni jambo zito zaidi, na koo kadhaa huuliza. Mafuvu kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yamo kwenye makusanyo ya Berlin chini ya taasisi ya Preußischer Kulturbesitz, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha baadhi yake na jamaa walio hai wa upande wa Kilimanjaro. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Ukoo wako ukiwa na simulizi ya kichwa kilichochukuliwa, usitume mtu mmoja mmoja kuandika barua pepe. Kaeni kikao, chagueni msemaji, andikeni muhtasari wenye sahihi, na mpitie Makumbusho ya Taifa ili barua iwe na mgongo. Kipimo cha DNA kinahitaji wazao wa damu, kwa hiyo ile orodha ya nani alirithiwa na nani, na nani aliingizwa ukooni, itatakiwa tena, safari hii mbele ya wataalamu. Iwe tayari na iwe ya kweli.

Ukimaliza, toa nakala tatu za kila kitu. Moja ikae kwa mkubwa wa ukoo, moja kwako, na moja ipeleke makumbusho hapa Songea au ofisi ya utamaduni ya wilaya yenu. Nyuma ya kila nakala andika ilitoka wapi, namba zake, tarehe uliyoipata, na kwa simulizi za mdomo jina la msimuliaji, kijiji chake na uhusiano wake na babu. Tumia kalamu ya wino.